Breki za Chevelle ya 1968 iliyoongezwa nguvu: tupime presha kwanza, diski kubwa baadaye

Gereji ya Baridi (mwanzisha uzi), Michigan

Wakuu, salaam.

Humu tuko wengi tunaopenda magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970, yale ya milango miwili yenye injini kubwa ya V8 (silinda nane) mbele. Wengine tunaishi huku yalikotengenezwa, wengine mnayafuatilia mkiwa Dar, Nairobi au Muscat. Nyuzi za injini zipo tele: kamshafti, kabureta, ekzosi. Za breki ni chache, na karibu zote zinaishia kwenye swali moja, "ninunue diski za inchi ngapi?" Kwa maoni yangu swali hilo linawahi mno. Kabla ya diski kuna mambo mawili ya kupima: presha inayofika kwenye magurudumu, na uwezo wa injini yako kuisaidia pedeli. Ukiyaruka hayo, utatumia fedha nyingi na gari litasimama vilevile, pengine vibaya zaidi.

Gari langu ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1968. Lilitoka kiwandani na dramu nne za inchi 9.5 (zile za mviringo ambazo breki shuu zinazibana kwa ndani), bila busta, yaani kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki. Injini ya sasa ni V8 ndogo ya Chevrolet iliyopanuliwa hadi inchi za ujazo 383, yaani kama lita 6.3, na kamshafti kali (fimbo inayofungua valvu za injini). Nikiwa ndani, uzito ni kama kilo 1,600.

Magari haya yalizaliwa na upungufu huu. Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyofungua zama zile, ilikuwa Tempest, gari la kawaida la kampuni hiyohiyo, lililopewa V8 ya inchi za ujazo 389. Nguvu farasi 325, au 348 kwa iliyofungwa kabureta tatu. Breki? Dramu za inchi 9.5. Diski za mbele hukuweza kuzipata kiwandani hata kwa kulipia zaidi hadi modeli ya 1967. Mnunuzi wa wakati ule aliuziwa kasi, na kusimama akaachiwa mwenyewe. Leo sisi tunachukua gari la namna hiyohiyo, tunaliongezea farasi mia na zaidi, halafu tunaingia nalo barabara kuu katikati ya magari ya kisasa yanayosimama kwa umbali mfupi mno mbele yetu.

Tazameni hesabu. Gari la kilo 1,600 kwenye kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 617. Kwenye kilomita 160 inafika kama kilojuli 1,580, zaidi ya mara mbili na nusu, ingawa kasi haijafika hata mara mbili. Nishati hiyo yote lazima igeuke joto ndani ya vyuma vinne. Dramu ikipata moto hutanuka, inazikimbia breki shuu, na pedeli inashuka. Shuu zenyewe zikichemka zinapoteza mshiko. Aliyewahi kuushuka mlima Kitonga nyuma ya lori linalofuka moshi magurudumuni ameshaliona jambo hili kwa macho.

Sasa, hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Dramu za Kimarekani za zama zile zina tabia ya kujisaidia: dramu inapozunguka inaiburuta shuu ya kwanza, nayo inaisukuma ya pili, hivyo nguvu ndogo ya mguu inazaa msuguano mkubwa. Diski haina msaada huo hata kidogo. Nguvu yake yote inatoka kwenye presha ya mafuta. Kwa hiyo ukifunga diski mbele na kuacha masta silinda ya zamani (ile inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga) na pedeli ya zamani, utakanyaga kwa nguvu zako zote na gari litaendelea kuteleza mbele. Diski zinazoeleweka zinataka presha ya psi 900 hadi 1,000 pale unapokanyaga kwa dharura. Psi ni paundi kwa kila inchi ya mraba, na geji zote za huku zinasoma hivyo.

Presha hiyo inatoka wapi? Chukua mguu unaosukuma kwa kilo 35. Pedeli yenye uwiano wa 6 kwa 1 inaufanya kuwa kilo 210 kwenye fimbo ya masta. Baada ya hapo kila kitu kinategemea kipenyo cha masta:

Masta ya inchi 1 na moja ya nane: kama psi 465.
Masta ya inchi 1: kama psi 590.
Masta ya inchi saba ya nane: kama psi 770.

Mguu uleule, pedeli ileile. Masta kubwa inasukuma mafuta mengi kwa presha ndogo, ndogo inasukuma machache kwa presha kubwa. Dukani watu wanachagua kubwa wakidhani ndiyo yenye nguvu.

Kwenye Chevelle pedeli ina matundu mawili ya kufungia fimbo. La juu ni la gari lisilo na busta na linatoa uwiano wa karibu 6 kwa 1. La chini ni la gari lenye busta, karibu 4 kwa 1. Angalia fimbo yako imefungwa wapi kabla hujanunua chochote.

Suala la pili ni busta. Busta ya kawaida inaishi kwa mvuto wa hewa wa injini, vakyumu, na ili ifanye kazi vizuri inataka kama inchi 18 za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha mvuto huo. Kamshafti kali inaacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, na kwenye mzunguko mdogo mvuto unapotea. Geji kwenye injini yangu inasoma inchi 11 gari likiwa limesimama, gia ikiwa kwenye D. Hapo busta yoyote ya vakyumu ni ya nusu kazi. Na seti nyingi za magari haya zinakuja na busta ndogo ya inchi 7 au 8 ili isigusane na kifuniko cha valvu, kwa hiyo eneo la kusukumia nalo ni dogo. Mvuto mdogo juu ya eneo dogo.

Geji ya vakyumu ni bei ya chakula cha mchana. Nunueni hiyo kwanza. Nitaendelea na nilichofunga, lakini ningependa kusikia wenzangu wana nini.

---

Sita kwa Nane, Houston

Mkuu heshima kwako, uzi umekuja wakati wake. Mimi nina Ford Mustang ya 1966, ilikuwa ya silinda sita, aliyeniuzia alishaiweka V8 ya inchi za ujazo 302. Breki ni dramu zilezile, magurudumu ya nati nne. Masta yake ina kikopo kimoja tu cha mafuta. Nianzie wapi? Bajeti si kubwa.

---

Gereji ya Baridi

Kaka, wewe usianze na diski. Anza na hiyo masta, wiki hii kama inawezekana.

Kikopo kimoja maana yake magurudumu yote manne yanategemea njia moja ya mafuta. Bomba moja likitoboka popote, hosi moja ikipasuka, huna breki hata gurudumu moja. Mustang zilipewa masta ya njia mbili kuanzia modeli ya 1967, na sheria ya usalama ya serikali ya Marekani ikalifanya jambo hilo kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia Januari 1968. Yako ilitoka mwaka mmoja kabla ya modeli hiyo ya 1967. Masta ya njia mbili kwa gari lako ipo madukani, kazi yake ni mabomba mafupi mawili matatu ya kupinda upya.

Pili, nati nne zinanipa wasiwasi zaidi kuliko dramu. Mustang ya silinda sita ilitengenezwa nyepesi kote: dramu za mbele za inchi 9, spindo zake (vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele), fimbo za usukani, na ekseli ya nyuma ya inchi 7.25, kwa kipenyo cha gia yake kubwa. Ya V8 ilikuwa na dramu za inchi 10, nati tano na ekseli imara zaidi. Aliyekuuzia aliweka injini akaacha chini kama kulivyokuwa. Fedha ikipatikana, tafuta spindo za V8 pamoja na diski za mbele kwa mkupuo mmoja, ili usilipie kazi mara mbili. Ukibaki na diski za kiasi cha inchi 11, rimu za inchi 15 kwa kawaida zinaingia, lakini pima, maana kalipa, vile vibanio vya diski, hutofautiana.

Mpaka siku hiyo, endesha pole na uache nafasi kubwa mbele yako.

---

Mzee wa Asili, Ohio

Nimesoma kwa makini. Naheshimu kazi yako lakini nina mtazamo tofauti. Gari langu ni la 1965, kila kitu kina namba yake ya kiwandani, na dramu zinanisimamisha vizuri tu. Vijana mnakimbilia kubadilisha kabla ya kurekebisha. Dramu nyingi mnazozilaumu hazijawahi kurekebishwa sawasawa.

---

Gereji ya Baridi

Mzee shikamoo. Kwa hili nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Dramu iliyokwanguliwa mduara kamili, shuu zilizoenea vizuri ndani yake, silinda ndogo zisizovuja, na marekebisho ya usawa kushoto na kulia, inasimamisha gari kwa nguvu mara ya kwanza. Inaweza hata kufunga tairi lisizunguke. Kama gari lako lina injini ya asili na unaliendesha Jumapili kwa mwendo wa heshima, sioni sababu ya kulivunjia asili yake. Ningekuomba jambo moja tu, masta ya njia mbili, kwa sababu niliyomwambia mwenzetu wa Houston. Ile ya zamani ihifadhi kabatini na namba zake.

Shida yangu ni breki ya mara ya tatu na ya nne mfululizo kutoka kwenye kasi kubwa, na breki baada ya kupita kwenye maji. Hapo dramu inaachana na diski, na hakuna marekebisho yatakayoiokoa.

Na kwa wote wanaofungua dramu za zamani: shuu za miaka ile zilikuwa na asbesto. Vumbi lile jeusi msilipulize kwa kompresa wala kulifagia kavu. Lowesheni, futeni kwa kitambaa chenye maji, vaeni barakoa inayostahili, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Mapafu hayana spea.

---

Njia ya Mlima, Colorado Springs

Naongezea kuhusu joto. Huku kwetu kuna Pikes Peak, barabara inayopanda hadi kileleni. Wakati wa kushuka, mahali panapoitwa Glen Cove, walinzi wanasimamisha magari na kupima joto la breki. Zikiwa za moto kupita kiasi unaambiwa uegeshe hadi zipoe. Nimeona magari mapya kabisa yakiegeshwa pale. Sasa fikirieni gari la 1968. Mkishuka milima, gia ndogo ifanye kazi, breki isaidie. Hili dereva yeyote wa lori analijua, ila wenye magari madogo huwa hawalizingatii.

---

Chuma Moto, Minneapolis

Sasa kaka. Mimi ni Mkenya, niko na Chevrolet Camaro ya 1969. Ilikuwa na diski za kiwandani mbele, inchi 11, zile kalipa za pistoni moja. Mwaka huu nimeweka seti ya inchi 13, kalipa za pistoni nne, na rimu za inchi 17 juu yake. Inapendeza sana ukiiona. Lakini pedeli imekuwa ngumu, na naona kama gari inasimama vibaya kuliko mbeleni. Fundi ananiambia nizoee. Busta na masta ni zilezile za kwanza. Nimeibiwa ama?

---

Gereji ya Baridi

Kaka, hujaibiwa, na unachokihisi mguuni ni cha kweli. Ngoja nikuoneshe kwa hesabu, maana maswali kama hili lako ndiyo yaliyonifanya nianzishe uzi huu.

Kalipa yako ya zamani ilikuwa na pistoni moja ya inchi 2 na kumi na tano ya kumi na sita (2 na 15/16). Eneo lake ni kama inchi za mraba 6.78. Ile kalipa inaelea: pistoni inasukuma pedi ya ndani, na mwili wa kalipa unarudi nyuma ukiivuta pedi ya nje kwa nguvu ileile. Kalipa mpya haielei, imefungwa imara, pistoni mbili kila upande. Hapa ndipo watu wanapohesabu vibaya, wanajumlisha pistoni zote nne. Usifanye hivyo. Upande mmoja unausukuma mwingine, kwa hiyo unahesabu upande mmoja tu. Seti nyingi za aina hiyo zina pistoni za inchi 1.75; mbili zinatoa inchi za mraba 4.81.

Kwa presha ileile, umetoka 6.78 ukaja 4.81. Diski kubwa inarudisha sehemu, kwa kuwa pedi inashika mbali zaidi na kitovu: tuseme inchi 4.6 kwa diski ya 11 na inchi 5.6 kwa ya 13. Zidisha:

Zamani: 6.78 mara 4.6, ni 31.2.
Sasa: 4.81 mara 5.6, ni 26.9.

Umepoteza kama asilimia 14 ya nguvu ya kusimamisha kwa kila psi. Ndiyo maana mguu unalalamika. Ulichokinunua kwa kweli ni uwezo wa kubeba joto. Diski kubwa ina chuma kingi zaidi na inapoa vizuri zaidi, utaiona faida yake kwenye breki ya tano kutoka kilomita 150, siyo kwenye taa za barabarani za Minneapolis.

Dawa ipo na si ghali. Kama masta yako ni ya inchi 1 na moja ya nane, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye gari la busta, ibadilishe iwe ya inchi 1. Presha inapanda kwa karibu asilimia 27, na ile 26.9 inakuwa kama 34. Utauliza, je, pedeli haitashuka mbali? Haitashuka. Pistoni zako mpya zinahitaji mafuta machache kuliko ile moja kubwa, kwa hiyo upande wa mbele safari ya pedeli inaweza hata kupungua kidogo. Ila kumbuka kwamba dramu zako za nyuma nazo zitapata presha hiyo ya ziada. Lazima uweke valvu ya kurekebisha presha kwenye bomba la nyuma, la sivyo matairi ya nyuma yatafunga kwanza, na gari linalofunga nyuma linageuka lenyewe barabarani.

Kabla ya yote, pima vakyumu. Na hakikisha pistoni ni za inchi 1.75 kweli, kipimo kipo kwenye karatasi ya seti.

---

Chuma Moto

Nimepima jioni hii. Vakyumu ni 17, iko sawa. Pistoni ni 1.75 kama ulivyosema, masta ni ile kubwa. Naagiza ya inchi 1 pamoja na hiyo valvu. Asante sana, hakuna mtu alikuwa amenieleza hivi.

---

Pwani Turbo, Dar es Salaam

Wakuu mimi sina V8, nina Toyota GX 100 niliyoifunga injini ya Toyota ya silinda sita, 1JZ ya turbo. Naona mambo ni yaleyale. Maswali mawili: turbo haiui vakyumu ya busta? Na mafuta ya breki, kuna mtu ananishawishi niweke DOT 5, anasema namba kubwa ndiyo bora.

---

Gereji ya Baridi

Mkuu, karibu. Fizikia haiangalii bendera. Turbo ikijaza, upande wa injini hakuna mvuto, lakini busta ina valvu ya njia moja inayoutunza mvuto ndani. Ukiachia mafuta ili ukanyage breki, mvuto unarudi. Ihakikishe hiyo valvu ni nzima, ndilo la muhimu kwako. Na breki kubwa zitafute kwanza kwenye ndugu wa gari hilohilo waliotoka kiwandani na 1JZ ya turbo. Zinakuja zikiwa zimeshapimiwa masta na busta yake.

Kuhusu mafuta, namba hazipandi ngazi kama anavyodhani. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa mafuta mapya: DOT 3 ni nyuzi joto 205, DOT 4 ni 230, DOT 5 na DOT 5.1 ni 260. Yakishanyonya unyevu DOT 3 inashuka hadi 140 na DOT 4 hadi 155. DOT 5 ni silikoni, jamii tofauti kabisa, haichanganyiki na nyingine, na haifyonzi maji, hivyo maji yakiingia yanajikusanya sehemu ya chini na kuozesha chuma. DOT 5.1 licha ya jina lake ni jamii moja na 3 na 4. Kwa gari lako, na hewa ya Dar yenye unyevu ule, DOT 4 nzuri inayobadilishwa kila baada ya miaka miwili inatosha. Anayesahau kubadilisha hatapona kwa namba kubwa.

---

Gereji ya Baridi

Sasa naeleza nilichofunga, kama nilivyoahidi.

Mbele nimeweka spindo na diski za muundo wa Chevelle za 1969 hadi 1972: inchi 11, kalipa ya pistoni moja inayoelea. Ni vifaa vya kawaida, pedi zake zinapatikana duka lolote la spea Marekani, hata kijijini. Rimu ni za inchi 15. Nyuma nimebaki na dramu za inchi 9.5, nimezikwangua na kuweka shuu na silinda mpya. Wengi wamenishangaa kwa kuacha dramu nyuma. Wakati wa breki kali uzito unahamia mbele na nyuma kunabaki kazi ndogo. Fedha ya diski za nyuma niliona ifanye jambo lingine.

Jambo hilo ni haidrobusta. Hii haitumii vakyumu, inatumia presha ya pampu ya usukani. Bendix ndio walioikuza kwa ajili ya magari makubwa, na injini za dizeli zinaipenda kwa sababu hazina mvuto wa kulisha busta. Mustang GT za 1996 hadi 2004 zinayo, kwa hiyo kwenye yadi za magari chakavu si adimu. Kwa injini yenye kamshafti kali ndiyo jibu ninaloliamini. Pampu ndogo ya umeme ya vakyumu nayo ni njia, ila ina kelele, na siku ikifa hutajua mpaka utakapokanyaga. Haidrobusta ina tangi dogo la akiba: injini ikizimika njiani bado unazo breki mbili tatu zenye msaada. Bomba lake la kurudisha mafuta lirudi kwenye tangi la pampu kwa njia ya peke yake, usiliunganishe na la usukani kwa mkato.

Masta ni ya inchi 1 na moja ya nane, fimbo tundu la chini. Mnaona nimechagua masta kubwa ambayo nimemshauri mwenzangu aiondoe. Pistoni zangu ni kubwa na zinadai mafuta mengi, na haidrobusta ina nguvu ya kuisukuma. Kila gari lina hesabu yake.

Masta za dramu za zamani zina valvu ndogo ndani ya tundu la kutolea mafuta, inayobakiza kama psi 10 ili silinda za dramu zisiingize hewa. Diski zikipewa masta hiyo zinabaki zimebanwa kidogo muda wote, zinapata moto na kula pedi. Hii ni sababu mojawapo ya kutotumia tena masta ya zamani, hata ikiwa nzima.

Fimbo kati ya busta na masta iache uwazi mdogo sana. Isiguse. Ikigusa, pistoni ya masta hairudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta linazibwa, na kila breki inaongeza presha juu ya iliyotangulia mpaka magurudumu yanashikana yenyewe barabarani.

Mabomba nimeyabadilisha yote. Huku Michigan barabara zinamwagiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi inakula bomba la chuma kutoka nje huku ndani likionekana zima. Nimetumia aloi ya nikeli na shaba, inchi tatu ya kumi na sita (3/16). Haishiki kutu na inapindika kwa mkono. Mdomo wake unakunjwa mara mbili, kwa chombo chake. Anayekushauri uunge bomba la breki kwa kiungo cha kubana, kile cha mabomba ya maji, usimruhusu aguse gari. Hosi za mpira za umri wa gari zitupwe. Ndani zimevimba na zinaweza kuruhusu presha iende na kuizuia isirudi.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyobaki ndani ya mafuta ya breki: masta kwanza, ikiwa imebanwa kwenye jiriwa, mpaka povu liishe. Kisha kwenye gari, kwa usukani wa kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Msimwage mafuta kwenye rangi.

Pedi mpya zinazoeshwa taratibu. Sehemu wazi isiyo na magari, breki za wastani kadhaa kutoka kilomita 50, halafu kutoka 90 hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha mwendo wa kupoza bila kugusa breki. Ukisimama ukiwa umekanyaga kwenye diski ya moto, pedi inaacha alama na utausikia mtetemo baadaye.

Matokeo: geji ya presha niliyoifunga kwenye tundu la kalipa ilisoma karibu psi 1,000 kwa mguu wa kawaida. Valvu ya nyuma nimeirekebisha kwenye lami kavu, kidogo kidogo, mpaka mbele ikaanza kufunga kabla ya nyuma. Kwenye mvua mbele bado inatangulia, ndivyo inavyotakiwa.

Michigan haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari binafsi. Hakuna ofisa atakayelala chini ya gari lako kuangalia kazi hii. Kwa hiyo baada ya kilomita mia za kwanza nimelinyanyua kwenye stendi, nikakagua kila kiungo kwa tochi na karatasi kavu. Ombi langu kwenu ni mfanye hivyo pia, hata kazi ikiwa imefanywa na fundi mnayemwamini. Kuna watoto wanavuka barabara mbele ya magari haya.

---

Sita kwa Nane

Mkuu, masta ya njia mbili nimeshaagiza. Swali la mwisho: nikiweka diski nyuma siku za usoni, breki ya mkono itakuwaje?

---

Gereji ya Baridi

Vizuri sana kaka. Kuna kalipa za nyuma zenye wenzo wa breki ya mkono humohumo, na kuna diski zenye dramu ndogo katikati yake kwa ajili ya mkono tu. Mimi napendelea za dramu ndogo, zinashika kwa uhakika zaidi kwenye mwinuko. Ekseli ya Ford Explorer ya 1995 hadi 2001 yenye diski iko hivyo, na nati zake ni tano kwenye duara la inchi 4.5, sawa na Mustang ya V8. Ni pana kuliko yako, itabidi ikatwe upande mmoja, na kebo za breki ya mkono uzipime ekseli ikiwa imeshafungwa ndipo uagize.